Seti ya kuchongea mihuri ya mpira na linoleamu: niliyoyaona baada ya miezi minne ya kuitumia Tabora

Shangazi yangu anafuga nyuki upande wa Sikonge, na kila msimu wa asali chupa zake hufika mjini Tabora zikiwa hazina alama yoyote, zikapangwa mezani pamoja na chupa za watu wengine hadi mnunuzi asijue ipi ni ipi. Hapo ndipo lilipoanzia wazo la muhuri wa kuchonga kwa mkono: picha ya nyuki na neno moja tu, ASALI, vya kugonga kwenye vipande vya karatasi ya kaki vinavyofungwa kwa uzi shingoni mwa chupa. Mafundi wa mihuri wapo mjini na kazi yao ni safi, lakini muhuri wao hupitia kwenye kompyuta na herufi zake ni zile zile za ofisini, nami nilitaka mtu akiishika chupa ile aone kwamba kuna mkono uliohangaika. Mwezi wa tano niliagiza kutoka Dar es Salaam seti ya watu wanaoanza, ikaja kwa basi, na nimeitumia karibu kila mwisho wa juma tangu siku hiyo.

Ndani ya boksi kuna mpini mmoja wa plastiki, ndimi 5, yaani vyuma vidogo vya kuchongea vinavyochomekwa kwenye mpini na kuhifadhiwa ndani ya mpini huo huo, kipande kimoja cha mpira laini wa rangi ya waridi chenye urefu wa sentimita 15 na upana wa sentimita 10, vipande 2 vya linoleamu ya kijivu (tandiko gumu la sakafuni linalochongeka) vya ukubwa huo huo, rola ndogo ya mpira, bomba la wino mweusi unaooshwa kwa maji, na karatasi moja ya maelekezo. Nililipa shilingi 74,000 pamoja na nauli ya mzigo. Fedha hizo si kidogo kwa mwalimu wa shule ya msingi, na ndiyo maana nitaeleza kwa kirefu kipi kilistahili na kipi hakikustahili.

Kilichostahili kwanza ni ndimi. Mbili kati yake zina mdomo wa umbo la herufi V, mbili zina mdomo wa umbo la herufi U, na ya tano ni kisu kidogo. Nilidhani nitazihitaji zote kwa kiasi kinacholingana, kumbe ile V nyembamba kuliko zote ndiyo inayobeba kazi: inachora mstari wa nje, inatenganisha bawa na mwili, inakata herufi, na hata pale unapotaka kuondoa eneo kubwa ni lazima itangulie kuzungushia mpaka ili ulimi mpana wa U usije ukavuka na kula sehemu uliyotaka ibaki. Ile U pana kazi yake ni kufyeka eneo lililobaki tupu. Kisu sijakitumia zaidi ya mara tatu. Chuma chenyewe kilikuja na makali ya kutosha kwa mpira, lakini kwa linoleamu kilianza kuvuta baada ya saa chache, ikabidi nikinoe taratibu kwenye kinoo laini, kisha nikipitishe kwenye upande wa nyuma wa mkanda wa ngozi, kwa kuvuta kuelekea nyuma na si kwa kusukuma mbele. Ulimi mkali ni salama kuliko ulimi butu, kwa sababu ulimi butu hukulazimisha utumie nguvu, na nguvu ndiyo inayouponyosha.

Mpini ndio uliniudhi. Kichwa chake hufungwa kwa kuzungushwa kama kifuniko, na kila baada ya dakika kumi hivi hulegea, ulimi ukarudi ndani katikati ya mstari. Mstari wa bawa la kushoto la nyuki wangu wa kwanza una kovu kwa sababu hiyo. Niliutuliza kwa kukunja kipande chembamba cha karatasi ngumu na kukibana pamoja na shina la ulimi kabla ya kufunga, na tangu hapo haujalegea; lakini chombo kipya hakikupaswa kuhitaji tiba.

Sasa nije kwenye mpira na linoleamu, maana hapa ndipo ninapotofautiana kabisa na karatasi ya maelekezo, ambayo inamwambia mtu aanze na linoleamu na auache mpira kwa ajili ya “kazi ndogo ndogo”. Mtu akifuata ushauri huo anaweza kuiweka seti kabatini wiki ya kwanza na asiitoe tena. Ulimi ukiingia kwenye mpira unahisi kama unapita kwenye kiporo cha ugali uliolala usiku mzima: unasukuma kidogo, na uzi mwembamba wa waridi unajikunja mbele ya mdomo wa chuma bila kukatika, nawe unaweza kupinda, kusimama, na kuendelea. Linoleamu ni kama sabuni ya mche iliyokaa kwenye rafu mwaka mzima. Inakubali kukatwa, lakini inadai mkono uliotulia na ulimi uliotoka kunolewa, na ikikataa, ulimi unaruka.

Sababu iko kwenye asili ya vitu vyenyewe. Linoleamu ilibuniwa Uingereza katika miaka ya 1860 na Frederick Walton, na ilikusudiwa kutandikwa sakafuni, haikuwa na uhusiano wowote na picha. Hutengenezwa kwa mafuta ya mbegu za kitani yaliyoachwa yakagandishwa na hewa, yakachanganywa na utomvu wa misonobari, unga wa gome la mti wa koki na unga wa mbao, kisha vyote vikashindiliwa juu ya kitambaa cha juti. Jina lenyewe limeunganishwa kutoka maneno mawili ya Kilatini yenye maana ya kitani na mafuta. Wasanii waligundua mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba sakafu hiyo inachongeka kuliko mbao, kwa kuwa haina nyuzi zinazokuelekeza upande mmoja. Lakini mafuta yale hayaachi kugandishwa na hewa. Kadiri kipande kinavyokaa, ndivyo kinavyokuwa kikavu na chepesi kumomonyoka.

Nayaeleza haya kwa sababu kipande kimoja kati ya viwili nilivyouziwa kilikuwa cha zamani. Nilipokipinda kidogo tu kilitoa mlio na kupasuka kwa juu, na nilipojaribu kukichonga, kingo za mistari zilimeguka kama biskuti. Niliandika kwa muuzaji, nikajibiwa kwamba linoleamu haina tarehe ya kuharibika. Jibu hilo si sahihi, na mtu anayeuza vifaa hivi anapaswa kujua hivyo. Ukinunua dukani, omba uruhusiwe kukipinda kipande kabla hujalipa: kilicho kizima huinama kidogo bila kulalamika, na rangi ya uso wake hufanana kila mahali.

Kipande cha pili kilikuwa kizima, ila kigumu, hasa asubuhi za mwezi wa sita na wa saba ambapo baridi ya Tabora hukaa hadi saa nne. Dawa yake ni joto. Nilikianika juani juu ya bati kwa dakika kama kumi, na kiliporudi mezani kilikuwa kimelainika kiasi cha mtu kuona tofauti kwa ulimi wa kwanza. Kikipoa nakirudisha tena. Wengine hutumia pasi iliyopoapoa, lakini jua letu linatosha na halilipiwi.

Jambo ambalo karatasi ya maelekezo imelinyamazia, na ambalo lilipaswa kuandikwa mstari wa kwanza kwa herufi kubwa, ni mahali pa kuweka mkono wa pili. Siku ya pili ya kuchonga linoleamu nilikuwa nimeshikilia kipande kwa mkono wa kushoto mbele ya ulimi, ulimi ukaruka, ukaingia kwenye kidole cha shahada karibu na kiungo. Niliosha, nikafunga plasta, na kwa wiki nzima niliandika ubaoni kidole kikiwa kimesimama. Mkono usiochonga ukae nyuma ya ulimi wakati wote, hata kwa mkato mdogo wa nusu sentimita, na kipande ndicho kigeuzwe, si mkono uzunguke kufuata mchoro.

Baada ya hapo nilimwendea seremala akanitengenezea ubao wa kuzuia kwa shilingi 3,000, kifaa ambacho naona kina thamani kuliko rola na wino wa kwenye boksi vikijumlishwa. Ni ubao bapa wenye upana wa sentimita 20 na urefu wa sentimita 25, uliopigiliwa kipande cha mbao upande wa chini kwenye ukingo wa karibu nawe, ili kishike meza, na kipande kingine upande wa juu kwenye ukingo wa mbali, ili kizuie linoleamu isikimbie unaposukuma. Kwa ubao huo mkono wa kushoto unapumzika. Ukiwa na subana ya kushonea, ivae kwenye kidole cha shahada cha mkono huo kwa wiki za kwanza.

Kuhusu kuhamisha mchoro, mpira unamsaidia anayeanza kwa namna ambayo linoleamu haimsaidii. Chora kwa penseli laini kwenye karatasi ya kawaida, jinsi unavyotaka picha ionekane mwishoni, kisha laza karatasi kifudifudi juu ya mpira na usugue kwa mgongo wa kijiko. Penseli inahamia kwenye mpira ikiwa imegeuka, nawe ukichonga na kugonga, picha inageuka mara ya pili na kurudi sawa. Kwenye linoleamu ya kijivu penseli haionekani vizuri, hivyo wengi hutumia karatasi ya kaboni, na hapo ndipo penye mtego: kaboni haigeuzi kitu. Ukifuatisha mchoro wako kwa kaboni kama ulivyo, utachonga herufi zinazosomeka vizuri kwenye linoleamu, na karatasini zitatoka kinyume.

Neno langu lenyewe lilinificha kosa hilo kwa muda mrefu. Katika ASALI, herufi A na herufi I zina pande mbili zinazofanana, kwa hiyo ukizitazama kwenye kioo hazibadiliki; zinazobadilika ni S na L peke yake. Nilikuwa nimekwisha kuchonga A mbili na I, nikiridhika kwamba kila kitu kiko sawa, kabla ya kufika kwenye S na kutambua kwamba neno zima limekaa upande usiofaa. Tangu siku hiyo naweka kioo kidogo cha mkononi pembeni ya mchoro kabla ulimi haujagusa chochote.

Kugeuza kushoto na kulia ni nusu tu ya fikra inayotakiwa. Nusu ya pili ni kukubali kwamba unachochonga ndicho kitakachokuwa cheupe, na unachokiacha ndicho kitakachoshika wino. Mji wetu umewahi kuona kazi ya namna hii ikifanywa kwa chuma: mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walipokatiwa njia ya bahari, walitengeneza hapa Tabora, katika karakana ya reli, sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Aliyechonga muhuri wa chuma wa sarafu ile alifikiri kinyume cha sisi, kwa kuwa kila alichokichimba ndani kiliinuka juu ya dhahabu, lakini naye alilazimika kumchonga tembo akitazama upande ambao si wake. Ninapokaa na mpira wangu mezani, fikra hiyo hunipa subira.

Nyuki wa kwanza nilipomaliza kumchonga nilimpelekea shangazi chapa tano kwenye kaki. Alizisogeza karibu na dirisha, akazitazama moja baada ya nyingine, kisha akaniuliza, “Mama, nyuki huyu miguu minne amemwachia nani mingine?” Alikuwa sahihi, nyuki ana miguu sita, na yote imeota kwenye sehemu ya katikati ya mwili, si tumboni. Aliniletea nyuki aliyekufa ndani ya kiberiti, nikamchora upya kutoka kwake. Mchoro wa pili ulikuwa rahisi kuchonga kuliko wa kwanza, kwa sababu mstari unaoujua, mkono hauusitii.

Muhuri wa pili nao ulinifundisha jambo moja la kiufundi ambalo sikuliona popote kwenye maelekezo. Kipapasio kimoja cha nyuki kilikatika baada ya kugongwa mara arobaini hivi. Nilipokitazama kwa makini niliona kwamba nilikuwa nimeuinamisha ulimi ndani sana, nikachimba chini ya mstari wenyewe, hadi mstari ukabaki umesimama juu ya shingo nyembamba. Kuta za mstari ziteremke zikipanuka kuelekea chini kama kuta za kichuguu, ili mstari uwe na kitako cha kuubeba unapobanwa. Kina nacho kisizidi: milimita moja na nusu hadi mbili inatosha kwa maeneo mapana, na mistari myembamba inahitaji chini ya hapo.

Wino wa kwenye boksi sikuridhika nao. Ni wa maji, na katika ukame wa mwezi wa nane ulikuwa unakauka juu ya kipande bapa cha kioo cha kusambazia kabla sijamaliza kuusambaza kwa rola, chapa zikatoka na madoa meupe. Kwa muhuri wa mpira hauhitajiki hata kidogo, kwani pedi ya wino ya kawaida inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ofisi inatosha: gusisha muhuri kwenye pedi kwa kugongagonga kidogo, usiukandamize, kisha uubonyeze kwenye karatasi wima bila kuutikisa. Kwenye kaki wino huo unazama na kukauka haraka. Kwenye lebo zinazong'aa unachafuka ukiguswa hata kesho yake. Linoleamu ndiyo inayotaka rola, na ni bora upate wino wa mafuta, hata kiasi kidogo tu kutoka kwa wachapaji. Usambaze juu ya kioo hadi rola itoe mlio mwembamba wa kunata, mfano wa mafuta yanayochemka taratibu kwenye kikaango. Mlio ukiwa mzito na wa majimaji, wino umezidi na utajaza mistari. Kabla ya hapo pitisha msasa laini juu ya uso wa linoleamu mara chache, ufute vumbi, na wino utashika vizuri zaidi. Wino wa mafuta hutoka kwa mafuta ya kupikia na kitambaa, kisha sabuni.

Mashine ya kuchapia si ya lazima. Laza karatasi juu ya linoleamu iliyopakwa wino na usugue kwa mgongo wa kijiko kwa mizunguko midogo kutoka katikati kwenda pembeni, ukiinua kona moja mara kwa mara kutazama. Aliye na hamu ya kujua linoleamu inaweza kumfikisha wapi mtu asiye na vifaa vingi, azitafute chapa za John Muafangejo wa Namibia, aliyezaliwa mwaka 1943 na kufariki mwaka 1987. Nyeusi na nyeupe tupu, na ndani ya picha amechonga sentensi nzima, herufi kwa herufi, zote kwa kinyume. Baada ya kuhangaika na neno la herufi tano, naziheshimu sentensi zile kwa namna ambayo nisingeweza kuziheshimu kabla.

Kwa upande wa mshikio, mpira peke yake hauna mgongo; hujikunja ukiubonyeza na katikati ikakosa wino. Nilipata bure vipande vya mninga vilivyobaki kwa seremala yule yule, nikavisugua kwa msasa na kuubandika mpira kwa gundi ya mbao, ambayo baada ya miezi miwili iliachia pembeni. Gundi ya viatu imeshika hadi leo.

Niseme pia neno kwa ajili ya wenye majirani. Mara ilipojulikana mtaani kwamba nachonga mihuri, watu wawili walikuja kwa nyakati tofauti wakitaka muhuri wa ofisi “kwa dharura”. Kughushi muhuri wa ofisi ya umma ni kosa la jinai, na kuuchonga kwa mkono hakupunguzi kosa hilo. Niliwakatalia wote wawili na kuwaeleza kwa nini, na kila anayeanza kazi hii ajiandae kuulizwa.

Kama mtu hana shilingi 74,000, au hajui bado kama ataipenda kazi hii, asinunue seti kwanza. Achukue raba nyeupe ya kufutia ya shilingi 500, ile kubwa, achonge kwa kisu cha kukatia karatasi umbo lisilo na mistari myembamba, kama jani la mwembe au samaki, agonge mara ishirini, kisha ajiulize kama mkono wake unataka kurudi. Ulimi wa umbo la U anaweza kujitengenezea kwa ubavu wa mwavuli uliovunjika: baadhi ya mbavu hizo zina mfereji ndani, na ukikata ncha na kuinoa kwa nje kwenye kinoo, kisha ukaifunga kwenye kijiti, unapata patasi ndogo inayokata raba vizuri kabisa. Fundi wa miavuli sokoni alinipa mbavu nne bila kunidai kitu. Kwa linoleamu zinapinda.

Mimi nikinunua tena, nitanunua ndimi zenye mpini wa mbao peke yake na vipande vitatu vya mpira, na linoleamu nitaifuata baadaye, mkono ukishazoea. Seti yenyewe nimeipa nyota tatu kati ya tano: mbili ni za ndimi, moja ni ya mpira.

Limebaki suala la kuhifadhi, nalo limenigharimu muhuri mzima. Nilikuwa nimeuweka wa tatu, uliokuwa mzuri kuliko wote, ndani ya boksi la plastiki lenye kifuniko, juu ya kabati, wakati wa likizo. Niliporudi uso wake ulikuwa umeng'ang'ania kifuniko, na nilipouvuta, bawa moja lilibaki kule. Mpira laini wa aina hii, sawa na raba nyingi nyeupe za shule, una kilainishi ndani yake ambacho huhamia taratibu kwenye plastiki ngumu na kuiyeyusha. Ndiyo sababu raba iliyosahauliwa kwenye mkebe hunata kwenye rula. Mihuri ya shangazi sasa nimeifunga kila mmoja kwa gazeti, na imekaa kwenye boksi la viatu chini ya kitanda, uso ukitazama juu.